Mfamasia Aliyeacha Dawa

Mfamasia alitamka maneno machache tu kwenye simu, na maneno yenyewe yalikuwa ya kweli tupu. Alisema: "Mimi dawa nimeacha, huu mwezi wa tisa, na sirudi ng'o." Alikuwa akizungumza na mdogo wake, msusi, ambaye kwa miezi tisa hiyo hakuchoka kumbembeleza arudi kwenye kiti chake apakwe ile krimu ya kunyoosha nywele, ambayo wanawake wote anaowafahamu huiita dawa. Kosa lake ni kwamba aliyasema kaunta, mbele ya foleni, amevaa koti jeupe.

"Ilikuwa inanichoma bure," akaendelea, huku akihesabu vidonge kwa mkono mmoja. "Tangu niache, kichwa chepesi. Sijajisikia hivi miaka kumi."

Wa tatu kwenye foleni alikuwa Fundi Saa, mzee mwenye kibanda cha kutengeneza saa ng'ambo ya barabara. Alikuja na karatasi ya daktari kuchukua vidonge vyake vya presha vya mwezi. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akatoka. Mfamasia hakumwona. Alikuwa na mawazo mengine, na mawazo hayo yalikuwa yameota kichwani mwake kihalisi.

Alikuwa mtu wa vipimo. Aliacha dawa ya nywele kwa sababu ilimbabua ngozi ya kichwa mara nne katika mwaka mmoja, na nne kwa mwaka kwake haikuwa bahati mbaya bali takwimu. Akanunua daftari na rula. Kufikia mwezi wa tisa, nywele mpya zilikuwa sentimita kumi na moja zikivutwa, na tatu zikiachiwa. Chini yake zilining'inia zile za zamani, zimenyooka, zimechoka, kama mkia wa mtu mwingine.

Safari haikuwa nyepesi. Mwezi wa tatu alipaka yai kulainisha nywele, akaosha kwa maji ya moto. Alijua fika yai hugandia joto la nyuzi ngapi. Aliwahi kulifundisha somo hilo chuoni. Jumamosi nzima hadi adhuhuri alikuwa akijichambua kimanda kichwani. Mwezi wa tano alipaka ute wa mbegu za kitani, ukakauka, ukaanza kupukutika unga mweupe siku hiyohiyo mkaguzi wa maduka ya dawa alipokuja. Mkaguzi akapekua rafu yote ya unga wa watoto akitafuta mfuko uliopasuka. Mfamasia akamsaidia kutafuta.

Kisha, wiki moja baada ya ile simu, chanuo lilipita juu ya sikio la kushoto likaondoka na fungu zima. Nywele zilikatikia pale pale mpya zinapokutana na za zamani, na kilichobaki ni pengo la sentimita nne kwa tatu. Alilipima, akaandika, akafunga kilemba. Tangu hapo hakukivua mbele ya mtu.

"Daktari, boksi lako la dawa ya nywele bado nimekuwekea," Mama Vipodozi, mwenzake wa kaunta ya vipodozi, mwenye nywele zilizonyooka kama rula tangu siku alipoajiriwa, alikuwa akimwambia kila asubuhi. "Siku ukichoka kuteseka, nipo."

"Mimi si daktari. Na siteseki."

"Haya. Kilemba kizuri."

Siku ya kumi na tisa baada ya ile simu, Fundi Saa akaja kununua plasta; bisibisi ilimteleza ikamchoma kidole. Mfamasia akafungua rejista yake.

"Mzee, vidonge vyako vya presha hujachukua mwezi huu."

Fundi Saa akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama juu ya kaunta. "Nimeacha," akanong'ona. "Kama wewe."

"Kama mimi nani?"

"Usiogope, mwanangu. Siri yako ninayo."

Mfamasia akavuta benchi karibu. Alimkalisha, akamfunga mkanda wa mashine mkononi. Mia themanini na mbili kwa mia moja na kumi. Kwa kuwa hakuamini kipimo kimoja, alimpumzisha dakika tano, akapima mkono wa pili. Mia themanini kwa mia moja na kumi.

"Kichwa kinauma? Kifua? Macho yanaona ukungu?"

"Macho? Saa yako ya ukutani imechelewa dakika mbili, naiona toka hapa. Sina hata chembe ya ugonjwa."

"Presha haipigi hodi, Mzee. Huingia tu. Nani kakwambia mimi nimeacha dawa?"

"Wewe. Ulisimama hapohapo, simu sikioni. 'Mimi dawa nimeacha, na sirudi ng'o.' Nikakutazama: ngozi nyororo, macho meupe. Nikasema, kama mpishi hali chakula chake, mimi nakula kwa nini?"

Mfamasia aliona kosa lake lote kwa mara moja, kama mtu anayeona koti lake limenaswa na mlango wa gari linaloondoka.

"Hiyo ilikuwa dawa ya nywele."

"Dawa ya nywele," Fundi Saa akarudia taratibu. "Nywele zinaumwa nini?"

"Haziumwi. Zinanyooshwa."

"Kwa hiyo si dawa."

"Si dawa. Tunaita dawa."

"Wewe, mtu wa dawa, unaita dawa kitu ambacho si dawa?"

Hoja ilikuwa nzima, haina ufa. Mama Vipodozi akaja mbio na boksi lililowekwa miezi tisa, akamshikisha. Fundi Saa akalisoma mbele, nyuma na ubavuni, herufi kwa herufi.

"Krimu," akasema. "Hapa krimu. Huku tena krimu. Dawa iko wapi?"

"Mzee, hata mtoto mdogo anajua hiyo ni dawa!" akasema Mama Vipodozi. "Kwani mkeo alikuwa anatumia nini?"

"Marehemu mke wangu alifunika kichwa miaka arobaini. Yaliyokuwa yakiendelea humo sikuulizwa. Na wewe usinitolee ushahidi, mnalipwa dirisha moja."

Foleni ilikuwa na watu sita, na wote walikuwa wameacha kujifanya hawasikilizi. Mama mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti, "Ina maana huyu dawa zake mwenyewe hamezi?" Dereva aliyekwisha kukabidhiwa chupa ya antibiotiki ya mwanawe akairudisha kaunta polepole, akaitazama kama kitu kinachoweza kuuma.

Mfamasia akaiangalia ile chupa. Mtu mmoja kuacha dawa kwa ajili yake lilikuwa tatizo; foleni nzima ni jambo jingine. Ushahidi wa maneno ulishindwa, wa maandishi ulishindwa. Ulibaki ushahidi mmoja, na ulikuwa chini ya kilemba.

Akakifungua.

Juu kulikuwa na nywele nzito, zimejikunja na kushikamana. Katikati ya hizo zilichomoza nyuzi ndefu zilizonyooka, zikaning'inia kila upande bila mpango. Na juu ya sikio la kushoto, sentimita nne kwa tatu, hapakuwa na uzi hata mmoja.

"Mungu wangu," akasema Mama Vipodozi. "Panya?"

"Zimekatika," akasema Mfamasia. "Za juu ni zangu. Za chini ni za dawa. Hiyo ndiyo niliyoiacha."

Fundi Saa akatoa mfukoni kioo chake kidogo cha kukuzia, cha kazi, akakibana jichoni. "Inama."

Akainama juu ya kaunta yake mwenyewe. Mzee akashika unywele mmoja kwa ncha za vidole, akaufuata kutoka shinani hadi mwisho kwa utulivu wa mtu anayefuata gurudumu la saa ya kike.

"Hii ya juu springi," akasema. "Hii ya chini uzi. Nani kaunga springi na uzi?"

"Zimejiunga zenyewe."

"Na zinakatikia kwenye kiungo."

"Ndiyo."

"Lazima zikatike. Kila ukivuta, mmoja anarudi nyuma, mwenzake hajui kurudi. Sasa uzi unauweka wa nini?"

Foleni ikawa imegeuka jopo la wataalamu. Mama wa nyuma akashauri parachichi. Mwingine akasema kitunguu maji, lakini kikamuliwe, kisipakwe kizima. "Yai," akasema dereva, "mke wangu hupaka yai."

"Si yai," akasema Mfamasia, haraka mno.

Alimweleza Fundi Saa kwamba kuna mpango: miezi kumi na minane, kupunguza ncha kidogo kidogo, yote yameandikwa. Fundi Saa aliendelea tu kumtazama kwa lile jicho moja lililokuzwa na kioo, na si rahisi kudanganya jicho la ukubwa ule.

"Naogopa masikio," akasema Mfamasia mwishowe.

"Masikio gani?"

"Yangu. Makubwa. Shuleni walikuwa wananiita Kombe la Ushindi."

Fundi Saa hakucheka, foleni ilimsaidia. Akavua kioo, akakifuta, akakirudisha mfukoni. "Haya, nakuamini. Ni dawa ya nywele."

"Kwa hiyo utameza?"

"Hapana."

Mfamasia akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta. "Kwa nini sasa?"

Mzee akapunguza sauti. Foleni ikasogea ili isikie. "Kile kidonge kinanipeleka haja ndogo mara sita kabla ya saa sita mchana. Choo kiko nyuma ya jengo, mwisho kabisa. Naacha saa ya mtu tumbo wazi mezani, nakwenda, narudi, upepo umepita. Nimeshapoteza skrubu tatu. Skrubu ile unaiona? Huioni. Hata ukiimeza hujui."

"Ulimwambia daktari?"

"Daktari mwenyewe ni binti, umri wa mjukuu wangu. Nimsimulie habari za mkojo?"

"Umenisimulia mimi na watu sita."

"Wewe si kila siku unasema si daktari?"

Kumbe alikuwa akisikia. Mfamasia akaupanga ukweli jinsi ulivyokuwa: maneno yake hayakumwachisha mzee dawa. Mzee alikwisha kuamua. Yeye alimpa kibali tu. Jambo hilo lilimpunguzia hatia na kumwongezea hasira. Akachukua simu, akampigia yule daktari binti palepale, akamsomea vipimo viwili, akamweleza skrubu tatu. Daktari akasema kuna kidonge cha aina nyingine kisichompeleka mtu chooni, aanze leo, na kesho asubuhi afike kliniki bila kukosa.

Mfamasia akaweka kidonge kipya kwenye kifuniko safi, na glasi ya maji kando yake.

Fundi Saa akakitazama. Kiini cha udhuru wake kilikuwa kimeng'olewa mbele ya mashahidi, na mtu mzima hapendi kuachwa hivyo.

"Tusidanganyane, mwanangu. Mimi najua la kumeza, simezi. Wewe unajua la kukata, hukati. Mganga gani huyo? Ukikata, nameza."

"Afya si mnada, Mzee."

"Basi." Akainuka, akachukua plasta yake. Kidonge kikabaki kwenye kifuniko.

Alikuwa hatua nne kutoka mlangoni. Mfamasia akapiga hesabu: upande mmoja, miezi tisa ya mpango uliobaki na jina la shuleni, upande wa pili, mia themanini kwa mia moja na kumi, ikitembea kuelekea barabarani. Hesabu haikuwa ngumu. Ugumu ni kwamba ilikuwa na jibu moja tu.

"Kaa," akasema.

Akaingia chumba cha nyuma na mkasi wa bendeji, akashika nyuzi za mbele, akakata za kwanza upogoupogo. Mama Vipodozi akamnyang'anya mkasi. "Kinyozi hajinyoi, bibiye. Kaa chini, tazama ukuta."

Mlango ulibaki wazi, na Fundi Saa akaisimamia kazi tokea kwenye benchi. "Kata juu ya kiungo! Usikate kwenyewe, utaacha uzi humo!"

"Mzee, umewahi kusuka?" Mama Vipodozi akamfokea.

"Umewahi kufungua saa?"

Kazi ilichukua dakika kumi na nne. Hakuna aliyeondoka kwenye foleni. Waliongezeka wawili, na hawakuwa na karatasi ya daktari. Nyuzi ndefu zikalala sakafuni, nyingi kuliko alivyotarajia, na nyepesi kuliko zilivyoonekana. Mfamasia hakuomba kioo. Alijipapasa kuanzia kisogoni hadi utosini, akakuta pote pamefanana, akaenda kusimama mahali pake kaunta, huku akisikia upepo wa feni kwenye masikio yote mawili.

Watu wote wakamtazama Fundi Saa, kwa kuwa hukumu ilikuwa yake.

Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, bila haraka.

"Kweli," akasema. "Ni makubwa."

Akachukua kidonge, akakitupa mdomoni, akanywa maji hadi glasi ikabaki tupu, akajifuta kwa mgongo wa mkono.

"Fungua," akasema Mfamasia.

"Nimemeza, bwana!"

"Fungua nione."

Fundi Saa akafungua kinywa. Mfamasia akainama, akachungulia upande wa kulia, akachungulia wa kushoto.

"Inua na ulimi."