Vita Alivyopewa Dada

Vita vyake mzee alimsimulia binti yake. Mwanawe wa kiume, aliyemnyoa ndevu kila asubuhi, hakumwambia hata neno.

Jambo hilo lilimkaa kooni kijana wake huyo, fundi wa kuchomelea mageti. Yeye ndiye aliyemwogesha mzee na kumbeba msalani. Dada mtu, mwalimu, alikuja Jumamosi tu, ananukia manukato, simu ya kurekodi mkononi. Alikuwa anatengeneza kitabu cha familia, maisha ya baba yao jeshini. Na mzee, wiki nzima kimya kama gogo, akimwona binti yake tu alifunguka kama bomba. Mashambulizi, njaa, rafiki aliyekufa huku anacheka. Fundi aliyasikia akiwa jikoni, akiosha sufuria kwa kishindo.

"Kaka, punguza kelele, zinaingia kwenye simu."

"Ziandike na hizo. Ndivyo vita vyangu mimi."

Jumatatu akajaribu bahati yake. Alimpaka mzee povu, akaegesha simu kando ya beseni.

"Baba, hebu niambie na mimi ya vitani."

"Ya vitani ya nini? Nyoa kidevu, kurutu. Usinichune."

"Mbona mwalimu unamwambia?"

"Yule mgeni. Mgeni utampa nini kama si maneno? Wewe nyoa."

Fundi akaizima simu, akamalizia kidevu. Kumbe anayekuja mara moja kwa wiki ndiye wa kupewa! Basi wakose wote.

Ijumaa akapiga simu. "Kesho usije. Mzee kifua kimembana, daktari kasema asiongee."

Uongo mtupu. Wiki ya pili akaurudia, na ya tatu. Kila Jumamosi mzee alivaa shati lake safi, akakaa anatazama mlango.

"Binti yangu yuko wapi?"

"Kabanwa na kazi, baba."

Na fundi aliona raha, tusifichane.

Jumapili iliyofuata Jumamosi ya tatu, kiharusi kikampiga mzee, kikamnyang'anya sauti. Dada mtu alikuja mbio, viatu vimepishana rangi, akamwangukia kaka yake kifuani.

"Ahsante, kaka. Angalau ulimpumzisha."

Fundi akamvutia kiti.

Kitabu kilitoka hivyo hivyo, jalada gumu, picha ya mzee mbele. Kinakatika pale kikosi kinapoingia mtoni, maji kifuani, bunduki juu ya vichwa. Jumamosi zile tatu zimeondoka na kisa cha kuvuka mto, na miezi aliyokuwa mateka, na kurudi nyumbani, na jinsi alivyompata mama yao. Wajukuu wakiuliza babu alitokaje majini, hakuna wa kuwajibu.