Matundu ya Mizinga

Usinipandishe hasira kwa kuniuliza nyumba ya nani ni kongwe zaidi hapa kwetu Suffolk, Uingereza. Nyumba yetu akina Catchpole ilikuwa imeshazeeka kabla Thirza Garrod wa shamba la pili hajaota meno, na nilimwambia hivyo kila Jumapili tukitoka kanisani. Naye hakukosa jibu. Tungeendelea hivyo mpaka kaburini, tena kwa raha zetu, kama binti yangu Bryony asingempenda Ned, mtoto wa Thirza.

Hapo ndipo pakawa na kazi. Kijijini kwetu, arusi ikiunganisha mashamba mawili, bibi arusi huingizwa kwa mlango wa nyumba iliyo kongwe, na karamu hupakuliwa kwenye meko yake. Yangu, nilisema. Yangu, akasema Thirza. Mwishowe Bryony akatukalisha wote wawili jikoni kwangu.

"Mama, na wewe mama mkwe, nisikilizeni. Jumapili hii ikipita hamjapatana, mimi na Ned tunaoana mjini, na mashahidi wa kuokota barabarani. Keki mtaisikia kwa majirani."

Ninaye huyo mmoja tu.

Ned akamleta Dokta Imogen, mwanamke ambaye kazi yake ni kuchunguza nyumba kuukuu. Alipanda ngazi na tochi yake, masizi mpaka puani. Nikamwonyesha fahari yetu, nguzo za mwaloni zenye matundu.

"Hizi ni mbao za manowari," nilimwambia. "Humu ndimo mizinga ilimotokeza midomo siku tulipopigana na Wahispania."

Thirza alicheka mpaka chai ikampalia. "Mizinga? Hester, tundu hilo hata panya anapita kwa kujikunja! Manowari iko kwangu. Matundu yangu ndiyo makubwa."

"Makubwa kama mdomo wako."

"Mama!" Bryony akafoka.

"Akina mama," Dokta akasema kutoka juu ya ngazi, "kila shamba ninaloingia nchi hii lina manowari jikoni. Mbao hizi hazijaonja maji ya chumvi. Matundu haya ni ya kuchomekea boriti nyingine. Sasa hizo nyingine ziko wapi?"

Akakwangua chokaa. Kwenye kila nguzo kulikuwa na alama ya patasi: moja, mbili, tatu, nne. Mafundi wa zamani, alisema, walichonga nyumba nzima chini, wakaitia namba, ndipo wakaisimamisha bila kukosea. Ya tano haikuwepo. Baada ya nne palikuwa na ule ukuta wangu unaopitisha upepo tangu niolewe.

Thirza alikuwa ameweka kikombe chini. "Kwangu zipo alama kama hizo," alisema polepole. "Juu ya mlango. Nilidhani mabaharia walikuwa wakihesabu siku."

Weee! Tulitoka mbio, wanawake wawili wenye wajukuu wa kungojea, aproni zikipepea, Dokta na ngazi yake nyuma, ng'ombe wakitupisha. Juu ya mlango wa Thirza: tano. Ndani: sita, saba, nane. Na boriti ile iliyotokeza ulimi nje ya ukuta, ambayo Thirza alitundikia kikapu cha maua miaka yote, Dokta aliipima, akaanza kucheka peke yake.

"Ulimi huu ni wa tundu la Bi Hester. Hii ni nyumba moja! Ilikatwa katikati, nusu ikakokotwa na ng'ombe mpaka huku. Naona ndugu waligombea urithi."

Nilingoja hasira ije. Kikaja kicheko, nikaketi chini kwenye majani, Thirza naye pwaa kando yangu.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema akijifuta machozi, "nimekuwa nikitukana nyumba yangu mwenyewe."

"Na unaishi kwenye mlango wangu!"

"Nawe unapikia kwenye meko yangu, mwizi we!"

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Sisi tulichukua miiko. Mlango wa asili ulikuwa kwa Garrod, meko ya asili kwa Catchpole, na desturi ni desturi. Siku ya arusi Bryony aliingia kwa mlango wa Thirza, akatokea nyuma, akashika njia ya malisho kuelekea jikoni kwangu kwenye bata bukini wa kuchoma, kijiji kizima kikimfuata na fidla.

"Jamani, ukumbi wenu mrefu!" mmoja akapiga kelele.

"Tazama unapokanyaga, sebuleni pana kinyesi cha ng'ombe!"

Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Tulipofika katikati ya malisho, Thirza, mkono wake kwenye wangu, akageuka nyuma.

"Hester! Nani kaacha mlango wazi? Baridi itaingia jikoni."

Niliwahi kuapa mbele ya kasisi kwamba mlango ule wa Garrod sitaugusa maisha yangu. Nikakunja gauni, nikarudi mbio, nikaufunga.