Besi ya Elkana

Kijana alivaa glavu nyeupe kabla ya kushika santuri, kama daktari anayejiandaa kuzalisha. Mimi yangu nilikuwa nimeitoa Kosele mpaka Suna, mjini Migori, ndani ya kikapu, imefungwa kwa leso katikati ya Biblia na kitabu cha nyimbo, na haikupata hata mkwaruzo. Nikamtazama na glavu zake.

Anaitwa Austine. Kwao ni hapa hapa Migori, ila amekaa Nairobi mpaka kusalimia kumemtoka. Aliingia dukani kwa Sharif saa nne asubuhi, akasema, "Mathe, niaje," kwa Sheng ya huko, kisha akaanza kutafuta soketi ya stima. Mimi si mathe wa mtu. Mimi ni Jerusha, mjane wa Elkana, na nimeimba alto kanisani tangu huyu hajazaliwa. Lakini nilisema tu, "Salama, mwanangu," kwa sababu Bwana anaona.

Kazi yake alinieleza binti yangu Millicent kwa simu. Anatafuta santuri za zamani, anasikiliza ipi ina sauti bora, halafu anaipeleka ng'ambo ikapigwe chapa upya, mpya kabisa, wauziwe watu. Safari hii alitaka wimbo wa kwaya yetu ya Kosele, ule Elkana alitunga kuhusu mke wa Nuhu, namna alivyopika ndani ya safina siku zote zile bila mtu kumshukuru. Tuliurekodi mwaka 1981. Wimbo ni huo mmoja tu, hatukurekodi mwingine. Elkana ndiye anayeongoza, kwa besi. Picha zake ninazo mbili, na moja ameinamisha uso. Sauti yake imebaki kwenye santuri hiyo peke yake.

Basi kulikuwa na karatasi ya ruhusa, na sahihi iliyotakiwa ilikuwa yangu. Nikamwambia Millicent sitatia sahihi mpaka nisikie kwa masikio yangu ni sauti gani watu watapewa waambiwe, huyu ndiye Elkana.

Duka la Sharif nililichagua mimi. Anatengeneza redio pale Suna kama baba yake alivyotengeneza. Yeye anaswali kwake na mimi nasali kwangu, lakini miaka hii yote hajawahi kunitolea kifaa kizima kwenye redio akaniwekea kibovu. Alituwekea viti vitatu, akafunga mlango nusu kupunguza kelele za barabarani, akaleta chai ya tangawizi. Austine akasema chai ikae mbali na mtambo.

"Mbali wapi?" Sharif akauliza. "Niipeleke Isebania mpakani?"

Santuri zilikuwa mbili. Moja ya Austine, ambayo aliinunua kwa mzee mmoja Uholanzi, nzito, inang'aa kama kiatu cha askari. Nyingine ni yangu, nyepesi, lebo yake imeandikwa KOSELI badala ya Kosele.

"Hii yangu ni first press," akasema. "Chapa ya kwanza kabisa. Duniani ziko labda kumi."

Akaitoa kwenye jalada. Akalinusa jalada, kweli kabisa, pua ndani. Akaigeuza santuri kwenye mwanga akatafuta namba ndogo zilizokwaruzwa karibu na lebo, akazisoma, akatabasamu. Baada ya hapo ndipo akashusha sindano. Niliona yote hayo. Alikuwa amekwisha kuipenda kabla haijatoa sauti. Masikio yalikuja mwisho, kama mgeni anayefika arusini sufuria zinaoshwa.

Wimbo ukaanza. Akafumba macho, akainua kidole.

"Sikieni hiyo hewa," akasema. "Sikieni nafasi kati ya sauti na sauti. Na joto! Santuri za kisasa hazina joto hili."

"Joto la wapi?" nikauliza.

"Joto la sauti, mathe. Ni kitu unahisi. Siwezi kukueleza."

"Joto tunalo," Sharif akasema, akaangalia mabati juu.

Mimi nilikuwa sisikii hewa. Nilikuwa nasikia watu wa kwaya yetu wanakimbizwa. Soprano zilikuwa kama vifaranga vilivyoona mwewe. Halafu akaingia Elkana, na Austine akapiga paja lake.

"Huyo! Huyo wa sauti ya tatu! Ni nani huyo? Anapanda mpaka anang'ara!"

"Ni mume wangu," nikasema.

"Pole sana, mathe. Alikuwa na tenor tamu."

"Alikuwa besi."

Akafungua jicho moja. Akanitazama vile watu waliosoma wanatuangalia sisi wa darasa la saba, kwa huruma yenye haraka. "Sawa," akasema, "lakini hapa anaimba tenor. Unamsikia mwenyewe."

Niliishi na yule mtu miaka thelathini na mmoja. Akisema asubuhi njema chumbani, vikombe kwenye kabati vilikuwa vinalia. Leo kijana aliyenusa karatasi ananiambia sauti yake ilikuwa ipi.

Akaweka yangu. Sindano ilipogusa ikatoa mchakacho, kama mahindi kwenye kikaango. Kisha ikasikika filimbi, *piii*, sauti moja, na wimbo ukaanza, polepole, na Elkana akaingia kwa chini, chini kabisa, mahali pake. Nikashika kikapu changu kwa nguvu. Ulipofika pale mke wa Nuhu anapouliza kuni zimeisha tutapikia nini, santuri ikaisha. Ni lazima kuigeuza upande wa pili ndipo wimbo uendelee.

Austine hata hakuigeuza. Akaanza kuihesabia dhambi. Plastiki nyepesi. Mchakacho. Lebo imekosewa. Sauti nzito, imelala, haina uhai. Wimbo umekatwa katikati. "Hii ni kopi, mathe, usichukie. Walikuwa wanapiga za bei nafuu baadaye wauzie watu wa reserve, huko vijijini. Wewe umeitunza kwa mapenzi, naelewa. Lakini sauti ni sayansi."

"Na hiyo filimbi?" nikamwuliza.

"Iko kwenye zote mbili. Ni kasoro ya mitambo. Hiyo nitaiondoa kwa kompyuta, usijali."

Nilinywa chai yangu mpaka ikaisha. Nilimwomba Mungu anipe ulimi wa upole. Hakunipa, labda alikuwa na sababu.

"Mwanangu," nikasema, "mtambo wako unazunguka sawasawa?"

Alicheka. Hilo swali lilimfurahisha, alidhani nimeshindwa nalaumu chombo. Akatoa karatasi ya duara yenye mistari midogo midogo, akaiweka juu ya mtambo, akawasha taa yake ya mkononi. "Mistari ikisimama tuli, mwendo ni sahihi. Ikitembea, mwendo una makosa. Angalia mwenyewe. Sharif, njoo uangalie."

Mistari ilisimama tuli. Sharif akaitazama kwa muda, akasema, "Mtambo hauna kosa."

"Asante," nikasema. "Sote watatu tumeona."

Nikafungua kikapu, nikatoa kitu nilichokuwa nimekiweka ndani ya soksi ya mtoto. Ni filimbi ya duara, ya bati, ina matundu pembeni na herufi juu ya kila tundu. Mmishenari mmoja wa kike aliiachia kwaya aliporudi kwao, tuitumie kupata sauti kabla ya kuimba. Aliyepewa kuitunza na kuipuliza nilikuwa mimi. Wimbo wa Elkana ulianzia tundu la F kila siku, na kule studio pia. Nilipuliza nikiwa nimesimama karibu na kipaza sauti, Elkana nyuma yangu.

"Hiyo kasoro ya mitambo," nikamwambia Austine, "ni mimi."

Aliinama kuitazama. "Ni filimbi hii hii?"

"Unaona nina nyingine? Weka santuri yako."

Akaiweka. Sindano ikashuka, filimbi ikalia, na mimi nikapuliza F yangu pale pale juu yake. Loo. Zilipigana. Sauti mbili zilikwaruzana mle dukani mpaka Sharif akakunja uso kama aliyetafuna mchanga. Ya santuri ilikuwa juu, mbali juu, haikuwa F wala jirani yake.

"Rudia," Austine akasema.

Tukarudia. Zikapigana vilevile.

"Sasa weka ya watu wa reserve."

Mchakacho ukaja, filimbi ikaja, nikapuliza. Zilikaa pamoja. Hukuweza kujua ipi inatoka kwenye spika na ipi kwenye mdomo wangu. Niliacha kupuliza, ile nyingine ikaendelea kidogo peke yake, pumzi ya msichana niliyekuwa, halafu Elkana akaingia.

Hapo ndipo nilimweleza, na nilimweleza kwa maneno mafupi maana hakustahili marefu. Wimbo ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja wa santuri ndogo. Watu wa studio hawakutaka kutumia pande mbili, wakauendesha mbio ili utoshee, na mbio hupandisha sauti. Hawakutuambia. Santuri zilipofika Kosele tukaziweka kwenye gramafoni ya kanisa, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, kwamba Elkana amegeuka mbuzi. Yeye hakucheka. Alikwenda Nairobi, wakamwambia kama anataka ipigwe upya kwa mwendo wake, agharamie mwenyewe. Basi akaenda Masara, akaingia kwenye mashimo ya dhahabu miezi minane. Akagharamia. Ndipo wakaipiga upya, pande mbili, na jina la Kosele wakalikosea, na yeye akasema jina si neno, sauti ndiyo hii.

"Lakini alirudi na vumbi la Masara kifuani," nikasema. "Hakuimba besi tena. Alikuwa anakaa kiti cha nyuma na kutikisa kichwa. Kwa hiyo, hiyo unayoita kopi, mwanangu, ndiyo aliyoilipia kwa besi yenyewe. Hiyo yako ya kunusa ni makosa ya watu wavivu. Ziko kumi duniani kwa sababu sisi tulizitupa chooni."

Sharif alijifanya anatafuta bisibisi.

Austine alivua glavu moja. Nilidhani atasema pole. Akasema, "Mathe, nimekuelewa. Kwa masikio nimekubali. Shida ni wanunuzi. Wanunuzi wa ng'ambo wanataka first press. Wakisikia ni chapa ya pili hawagusi. Na ile inang'aa, wataipenda, hawatajua."

"Wewe utajua."

"Mimi…" Akasita. "Mimi ni mfanyabiashara tu."

"Asubuhi ulikuwa mwanasayansi," Sharif akasema huko chini ya meza.

Nilikuwa nimemdharau kwa kutosikia. Kutosikia ni ugonjwa, mtu anaweza kuombewa. Lakini sasa alikuwa amesikia, na bado alitaka kumpeleka mume wangu kwa wageni akiwa mbuzi. Hapo dharau yangu ilipata kiti ikakaa.

Nikavaa miwani. Nikavuta ile karatasi ya ruhusa, nikaisoma mstari kwa mstari, kidole chini ya maneno kama tulivyofundishwa. Palipoandikwa wimbo utatolewa kutoka chapa ya kwanza, nikapiga mstari, nikaandika juu yake: *ya pili*. Chini nikaongeza kwa herufi zangu kubwa: *Pande mbili ziunganishwe. Filimbi isiondolewe. Elkana aandikwe besi.* Nikatia sahihi. Nikamsukumia karatasi na kalamu.

"Tia na yako hapo pembeni nilipoandika," nikasema. "Au niichane nirudi Kosele, na wewe ubaki na sauti ya tatu yako uisikilize peke yako mpaka uzeeke."

"Mathe, mambo hayafanywi hivyo."

Nikaishika karatasi kwa mikono miwili, juu, pale watu wanapoanzia kuchana.

Aliitazama mikono yangu. Akatazama ile santuri nyepesi iliyokuwa bado inazunguka, sindano imefika mwisho, inachakacha tu. Sijui alichofikiria na sikumwuliza. Akachukua kalamu, akatia sahihi pembeni, mara nne, kila mstari nilioandika.

Sharif akatupigia nakala kwenye mashine yake. Nikaweka nakala yangu ndani ya Biblia. Santuri yangu hakuipeleka popote. Nilimwambia aichukue sauti pale pale kwa kompyuta yake, mbele ya macho yangu, pande zote mbili, na akafanya hivyo, bila glavu, bila kufumba macho. Alipomaliza nikaifunga kwa leso. Ile yake inayong'aa ilibaki mezani, na nilimwona anaitazama kama mtu aliyeposa dada mmoja akapewa mwingine.

Nilipokuwa nainuka akatoa simu, akaielekeza mdomoni kwangu.

"Mama," akasema, na nilisikia kwamba mathe imeisha, "tafadhali puliza ile filimbi mara moja tu. Nirekodi. Wanunuzi wataipenda hiyo hadithi."

Nilirudisha filimbi ndani ya soksi.

"Imo ndani ya wimbo," nikamwambia. "Sikiliza."