Ukumbi wa Wasindikizaji

Layla, binti wa kaka yangu, alichora jengo la uwanja wa ndege, na mimi Mwajuma, muuza vitenge wa Muyinga, ndiye niliyemsomesha. Mniwie radhi nikijivuna.

Mfano wake wa mbao nyembamba na vioo ulikuwa wa kutazama ukasahau kumeza mate. Paa linapanda na kushuka kama vilima vya Makebuko, nguzo zinakwenda juu hadi shingo inauma, mwanga unaingia kila upande. Ila wenye mradi waliuchukia ukumbi wa mbele, ule wa kuagania. Ulikuwa mkubwa kushinda sehemu ya abiria wenyewe. Eliud, mkubwa wa jopo lao la kuchagua mchoro, alimpigia simu: aukate nusu, au kazi apewe mwingine.

"We kata tu, upate kazi," nilimgombeza.

"Shangazi, nikikata, haitakuwa tena jengo ya kwetu."

Kichwa kigumu kama cha baba yake. Nilinuna siku nzima.

Siku ya kwenda Gitega kuutetea mchoro, tulimsindikiza. Mtu wa kwetu haondoki peke yake kama mwizi. Alikuwepo mama yake, Radjabu fundi cherehani na wanawe, Khurshid wa duka la vyombo na mkewe, majirani, na kina mama wa madrasa. Mabasi yalijaa. Tulipanga kungoja nje, lakini mvua ya Gitega haikutuuliza, tukaingia wote kwenye chumba cha mkutano.

Layla alikuwa akieleza. Eliud alikuwa ameinuka kuutazama mfano kwa karibu. Aliporudi, alimkuta mama Layla amekalia kiti chake. Akajibanza ukutani na kikombe chake cha kahawa, kiwiko cha Khurshid kikimchoma mbavuni.

"Hawa watu yote ni nani?"

"Wamenisindikiza," Layla akasema.

"We unasafiri wapi?"

"Nimekuja hapa tu, Gitega."

Watu wa jopo wakacheka. Eliud hakucheka. Alitutazama, akautazama mfano, kisha akatutazama tena.

"Mi nikienda kusoma Ulaya," akasema polepole, "mama alibaki inje ya grille ya vyuma ya uwanja, kwenye jua. Sikumuona hata kumuaga."

Akaweka kidole juu ya ukumbi.

"Mademoiselle, salle hii iko kidogo. Ongeza."

Nikapiga vigelegele humo humo, ndani ya ofisi ya watu, na wenzangu wakapokea.