Njia Fupi Kuliko Zote

Mtafiti alivua viatu nje ya maabara kama kila asubuhi, maana kompyuta ya kwanta ya chuo kikuu haikutaka kelele. Ilikaa ndani ya pipa la chuma lenye baridi isiyo na mfano, ikipima njia nyingi kwa mkupuo mmoja, na mtu akipiga chafya karibu nayo hesabu ya siku nzima ilikwenda na maji. Kazi yake ilikuwa kulitafutia gari la wagonjwa la mji njia bora za kupita.

Majibu yalikuwa mazuri mno, na mtafiti alijua kwa nini. Mtaa wa kilimani haukuwamo. Barabara yake ilikuwa makorongo matupu, na walioandaa takwimu waliona ukiingizwa utaharibu wastani wa muda wa gari kufika. Huko ndiko alikoishi dada yake, mjamzito wa kujifungua wakati wowote. Mtoto wake wa kwanza alimfia tumboni, gari likisubiriwa chini ya kilima. Mtafiti alihofu yasije yakajirudia.

Akauingiza mtaa.

Kompyuta ilihangaika mpaka alasiri, kisha ikajibu kwamba kutoka kilimani hadi hospitali ya chuo ni kupita mlango wa nyuma wa maabara. Mlango huo siku zote ulikuwa wa stoo ya mafagio. Mtafiti alipoufungua alimkuta dada yake uani kwake, anaanua nguo.

"Kumbe ni hapa tu, mdogo wangu," dada alisema. "Na kila siku unaniambia umebanwa na kazi."

Mtafiti akamsaidia kuanua nguo.

Profesa, mkuu wa maabara, alikuja akachungulia, akawasalimu majirani, akaagiza kitambaa cha kufutia miguu. Tangu hapo wagonjwa wa kilimani walipita maabara wakinyata, viatu mkononi. Mwenye kikohozi alikibana mpaka atokee upande wa hospitali. Mafundi waliwainulia nyaya wapite.

Uchungu ulimshika dada katikati ya hesabu ambayo Profesa aliingoja muhula mzima. Aliingia akiuma ukosi wa gauni, jasho likimtiririka. Mbele ya pipa miguu ikamgomea.

"Dada, piga kelele tu," mtafiti alisema, machozi yakimlengalenga.

Dada akamtazama Profesa.

"Lia, mama, lia," Profesa alisema. "Hesabu hurudiwa."

Akalia mpaka vioo vikatetemeka. Mtoto hakungoja hospitali. Alizaliwa palepale, mzima, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ya mama. Hesabu ilipotoka ilikuwa sahihi. Siku hiyo watu wakaacha kuvua viatu.

Halmashauri ilituma wakaguzi. Walifuta miguu, wakapita mlangoni, wakayaona makorongo kwa macho yao, wakaandika kwamba penye nia pana njia, hivyo barabara si ya haraka. Gari la wagonjwa bado linageuzia chini ya kilima, na wastani wake bado unasifiwa.

Mtafiti alimshikia dada mlango akirudi nyumbani, mtoto akipiga makelele kifuani. Kisha akaketi, akauingiza mtaa wa bondeni, ambao nao haukuwamo.

Profesa alimwona. Akaenda kuagiza kitambaa kingine.