Kiti cha Mbele cha Mzee Merle

Ardith Kowalczyk aliingiza kichwa ndani ya gari, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayenusa mchuzi wa jirani.

"Sasa umekuja kulikagua gari au kulila?" Mzee Merle Haverkamp alimuuliza. Alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji yake, mikono mfukoni, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Gari linapakwa rangi, Mzee. Harufu haipakwi."

Aliinusa sufu kavu, mpira wa zamani na nta. Ukungu hakuna, mkojo wa panya hakuna. Akafungua macho, ameridhika. Ilikuwa Buick ya mwaka 1964, milango minne, kijani nje na kijani ndani, na Merle ndiye aliyeinunua mpya kabisa akiwa kijana wa miaka ishirini na sita.

Aliyemtuma Ardith ni Bwana Prentiss wa Chicago, mkusanyaji wa magari ya kale. Prentiss alikuwa na sharti moja tu: viti viwe vile vile vilivyotoka kiwandani. Vilivyoshonwa upya alikuwa navyo tele, hataki kuviona. Na Merle mwisho wa mwezi anahamia kwa binti yake Arizona, kwenye nyumba ya ghorofa isiyo hata na kibanda cha baiskeli. Mtu mwingine pekee aliyeuliza habari za gari hili ni jamaa mmoja wa mji wa pili, anayetafuta magari mazito ya kwenda kugonganishwa kwenye maonyesho ya kaunti, watu wanakula mahindi ya kukaanga na kushangilia vyuma vinavyopondeka.

"Akija huyo nitamtolea bunduki," Merle alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini sina pa kuliweka, mama. Ndiyo shida yangu."

"Usijali. Ngoja niangalie."

Ardith hakuwa mtu wa kunyenyekea. Miaka arobaini na tano alikuwa fundi wa viti vya magari, na Michigan nzima neno lake lilikuwa muhuri. Akisema kiti hakijaguswa, basi hakijaguswa. Hakuwahi kukosea, na wala hakuona haya kulisema hilo mbele za watu.

Akaitazama pedali ya breki: mpira umelika kidogo upande wa kulia, kama inavyotakiwa kwa maili zilizoandikwa. Akafunua zulia, sakafu kavu. Akaipapasa dari kwa mgongo wa mkono. Akafika kiti cha mbele, akaupitisha ukucha juu ya mshono, taratibu, akihesabu kimoyomoyo. Mishono saba kila inchi, yote imenyooka, hakuna hata mmoja uliopinda.

"Hakuna aliyewahi kula humu hata peremende," Merle alijigamba. "Miaka sitini! Watoto walivua viatu. Kila mgeni nilimwambia: kiti hiki ni kile kile cha kiwandani. Na Lucille wangu, Mungu amrehemu, kila nikianza tu hadithi hiyo, kikohozi kinamshika. Alikuwa na kifua kibaya, maskini."

"Na kweli hakijaguswa," Ardith alisema. "Naapa kwa mkono huu."

Kilichobaki kilikuwa desturi tu: kufungua nati nne, kukitoa kiti na kukitazama tumboni. Wakaguzi wengi hawajisumbui. Yeye hujisumbua. Wakakibeba pamoja, wakakilaza kifudifudi juu ya blanketi.

Kati ya springi, kwenye gunia linalotandikwa chini ya kitambaa cha kiti, kulikuwa na doa jekundu lililofifia, kubwa kama sahani. Pembeni yake, kwa penseli ya fundi: A.K., Novemba 1979.

Ardith akakaa chini kwenye saruji.

Mafundi wote husaini tumboni mwa kiti, mahali ambapo mwenye gari hatatazama maisha yake yote. Na mwandiko ule aliujua.

Ilikuwa wiki ya kuwinda paa, wiki ambayo wanaume wote wa Michigan hutoweka misituni na miji hubaki mikononi mwa wanawake. Bosi wake naye alikuwa amekwenda. Ardith alikuwa na miaka kumi na tisa, ameachiwa ufagio na simu. Akaingia mwanamke analia. Alikuwa ameendesha saa mbili ili asionwe na mtu anayemjua, na jina alilolitaja lilikuwa la uongo dhahiri. Chupa kubwa ya achari ya bitiruti, ya chakula cha kanisani, ilikuwa imempindukia kwenye kiti cha mbele cha gari la mumewe.

"Mume wangu anarudi Jumapili," alisema. "Hajawahi kunigusa hata kwa kofi. Lakini kwa hili atanuna mpaka Pasaka."

Ardith hakuwa amewahi kushona kiti kizima peke yake. Stoo kulikuwa na jora la kitambaa kile kile cha kijani, masalio ya duka lililofungwa. Alishona siku tatu. Gunia hakulibadilisha, muda haukutosha. Yule mwanamke akamwapisha asimwambie mtu, naye hakumwambia hata bosi.

Sasa aibu na furaha zilimjia kwa pamoja. Amedanganywa na mtoto wa miaka kumi na tisa, na mtoto mwenyewe ni yeye!

Angeweza kunyamaza. Kama yeye hakuutambua mshono ule, nani Chicago angeutambua? Gari lingepata makao, siri ya Lucille ingelala. Lakini alikuwa ameapa kwa mkono wake dakika tano zilizopita, na mkono wenyewe ulikuwa pale kwenye gunia, unamkanusha.

"Mzee Merle," alisema, "kiti hiki kimeguswa. Aliyekigusa ni mimi."

Akamweleza yote. Merle alisikiliza mpaka mwisho. Akainama, akaligusa doa kwa kidole.

"Bitiruti," alisema.

"Bitiruti, Mzee."

"Kile kikohozi..." Mabega yakaanza kumtikisika, na Ardith akadhani analia. "Miaka arobaini! Mimi najigamba mbele za watu, na yeye amekaa hapo hapo juu ya kiti, anajiziba mdomo! Loo, Lucille, mwanamke wewe!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka kweli, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Wakakirudisha kiti. Ardith akaandika kwenye karatasi yake: *Kiti cha mbele kimeshonwa upya, Novemba 1979. Kazi haina dosari.* Akapiga simu Chicago. Prentiss alimshukuru kwa ukweli wake, akasema basi, halitaki, akakata.

Merle akageuka. Akaingia ndani ya nyumba, akakaa huko muda. Aliporudi alikuwa na chupa ya achari na uma mbili.

"Hii ni ya mwisho aliyoitia yeye kwenye chupa. Ingia garini."

"Garini, Mzee? Tule?"

"Ingia, kabla sijabadili mawazo."

Wakaketi kiti cha mbele, milango wazi. Merle akachoma kipande, akakipitisha polepole juu ya kitambaa cha kijani, tone jekundu linaning'inia, akakila. Kilikuwa kikali hata akafumba jicho moja.

Ardith alikula vyake vitatu. Kisha akashuka, uma ukiwa bado mdomoni, akatoa futi ya kupimia mfukoni na kuivuta toka ubavu mmoja wa gari hadi wa pili.

"Unapima nini tena?" Merle aliuliza. "Si umeshamaliza?"

Ardith akautoa uma mdomoni. "Kama litapita mlango wa gereji yangu," alisema, akiisoma namba. "Shika huko mwisho, Mzee. Vuta vizuri."