Pacha wa Mama Mkwe

Mama mkwe alipohamia kwa bintiye baada ya kupasuliwa goti, alikosa la kufanya zaidi ya kugombana na televisheni. Mkwewe, fundi wa majokofu, akamfundisha mchezo wa karata wa poka. Walicheza watatu, kwa vifungo badala ya pesa, maana bintiye alikuwa fundi cherehani na vifungo vilizagaa nyumba nzima.

Mama mkwe alishika mchezo upesi, ila alikuwa na ugonjwa mmoja. Alikuwa mkunga mpaka alipostaafu, na karata mbili zinazofanana aliziita pacha. Pacha hakuwatupa kamwe, hata wawe wadogo vipi.

"Mama," fundi alimweleza kwa upole, "ukiwa wa kwanza kusema, hujui sisi wa nyuma yako tumeshika nini. Pacha wadogo ingia nao kwa bei ndogo. Akishuka mezani, kwenye karata za wote, ndugu yao wa tatu, hapo tubane. Asiposhuka, waache."

"Niwaache? Watoto wa watu?"

Hakuwaacha. Alipandisha dau na kupandisha tena, na ajabu ni kwamba alikuwa akishinda. Rundo lake la vifungo likanenepa, naye akaanza kutembea na fimbo kwa madaha.

Jumapili moja mchana, fundi alipotupa karata zake kukubali kushindwa, moja ikageuka. Mfalme. Mama mkwe akanyoosha mkono, akafunua na ya pili. Mfalme mwingine.

Binti akajifanya anatafuta sindano.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "umewatupa wafalme wawili kwa sababu ya pacha wangu wa namba nne?"

Fundi akajikuna kisogo. "Sasa Mama, nitakufilisi vipi? Wewe ni mama mkwe wangu."

"Tangu nitoke hospitali kila mtu ananibeba kama yai. Nilidhani hapa mezani napigwa kama wengine." Sauti yake ilikuwa imeshuka, alikuwa ameumia kweli. "Haya, gawa."

Binti akagawa. Mama mkwe, wa kwanza kusema, akachungulia zake: pacha wa namba tano. Safari hii akasukuma kifungo kimoja tu. Fundi akapandisha dau, binti akatupa zake. Mama mkwe akamfuata. Zikashuka karata tatu za wote mezani, hakuna tano hata moja. Fundi akafumba macho, akasukuma rundo lake zima la vifungo.

Mama mkwe aliwatazama pacha wake muda mrefu, kisha akawalaza kifudifudi taratibu.

"Umeshika nini?"

"Malkia wawili, Mama."

Akacheka mpaka akashika goti. Kuanzia hapo fundi hakumwonea haya tena, na kabla chai haijachemka mama mkwe hakuwa na kifungo hata kimoja. Akaomba simu, akampigia dada yake.

"Dada, huyu mkwe wangu leo amenimaliza," alisema, akimkonyeza fundi. "Hajaniachia kitu. Kesho namtafuta."